Fonti iliyobana si fonti iliyobanwa

"Mwalimu, salaam. Nimejifunza usanifu wa kurasa peke yangu, na sasa nimepewa kazi ya bango la ukubwa wa A2 pamoja na kijitabu cha kurasa 24 kwa ajili ya mashindano ya uandishi. Kichwa cha bango ni MASHINDANO YA UANDISHI WA HADITHI FUPI, na maneno hayaenei. Nilichukua fonti nene ya kawaida nikaibana hadi asilimia 60 ya upana wake. Ikaenea, lakini aliyenipa kazi anasema inaonekana kama imekanyagwa. Nikajaribu Impact, rafiki yangu akacheka, akasema hiyo ni fonti ya vichekesho vya mtandaoni. Nikapakua nyingine, nene kwa mistari na nyembamba kwa upana, ikapendeza kwenye skrini, lakini nilipochapa maelezo ya chini kwa majaribio zile a na e zilijaa wino zikawa madoa. Mwingine ananishauri nitumie fonti nyembamba hiyohiyo kwenye kijitabu chote ili nipunguze kurasa. Je, tatizo ni fonti, ni printa, au ni mimi?"

Salaam, ndugu yangu, na pole kwa kuchekwa. Swali lako la mwisho nalijibu kwanza: wote watatu mna sehemu yenu, ila ya kwako ni ndogo kuliko unavyodhani. Umejaribu njia tatu na kila moja imekwama kwa sababu yake. Kinachokuchanganya ni kuziona zote kama shida moja, kana kwamba herufi nyembamba zimekukataa wewe binafsi.

Tuanze na neno la mwenye kazi. Huenda hajui lolote la usanifu, lakini jicho lake limeona sawasawa. Herufi zako kweli zimekanyagwa, ila zimekanyagwa ubavuni. Tazama H. Ina mihimili miwili ya wima na mlalo mmoja unaoiunganisha. Katika fonti nene ya kawaida, tuseme mhimili una unene wa vipimo 100 na mlalo una 88. Tofauti hiyo haikuja kwa bahati mbaya. Jicho la binadamu huuona mstari wa mlalo kuwa mnene kuliko wa wima hata vinapolingana kwa rula, kwa hiyo msanifu wa herufi huupunguza mlalo kidogo ili viwili hivyo vionekane sawa. Sasa ulipobana hadi asilimia 60, kompyuta ilipunguza upana wa kila ilichokikuta bila kuuliza. Mhimili wa 100 ukawa 60. Mlalo ukabaki 88 vilevile, maana urefu haukuguswa. Umepata herufi yenye miguu myembamba na mkanda mpana kiunoni. O yako imekonda mbavuni na kunenepa utosini na chini. Mistari ya mshazari ya A na N imebaki na unene wa katikati, usiofanana na mhimili wala na mlalo. Msomaji hatakueleza hayo, atakwambia tu kuna kitu hakijakaa.

Hapa ndipo Kiswahili chenyewe kinatusaidia kuliko istilahi yoyote. Fonti *iliyobana* si fonti *iliyobanwa*. Nguo iliyobana imekatwa na fundi kwa kipimo hicho tangu mwanzo: mabega yanakaa mahali pake na mshono unafuata mwili. Nguo iliyobanwa ni pana, imekunjwa mgongoni na kushikiliwa kwa pini. Kwa mbele unaweza kudanganya, lakini mvaaji akigeuka mambo yanaonekana.

Msanifu anayechora fonti nyembamba haanzi na fonti pana. Anaanza upya, na karibu kila uamuzi wake ni wa namna nyingine. O haiwi duara lililominywa. Inakuwa kama mstatili wenye pembe za mviringo, na mbavu zake zinanyooka kabisa kama mihimili ya H. Kwa sababu hiyo, maneno yanapopangwa, mistari ya wima inafuatana kwa mdundo mmoja: mweusi, mweupe, mweusi, mweupe, kama fito za uzio. Mdundo huo ndio unaozifanya fonti hizi zionekane na nguvu. Upana wa uwazi ulio ndani ya herufi hukaribia unene wa mhimili, na katika zile nene zaidi huwa mwembamba kuliko mhimili. Kisha kuna M na W. M ina mistari minne ndani ya nafasi ambayo H inaweka miwili. Ukiipa unene uleule, inakuwa tofali. Ndiyo maana msanifu mzuri huipa M upana zaidi ya wenzake, hupunguza unene wa mistari yake ya kati, na huchonga pembe kwa ndani ili weusi usikusanyike. Hayo yote yanafanywa kwa jicho, herufi baada ya herufi. Hakuna kitufe kinachoyafanya.

(Kitufe cha B pia kiogope. Ukikibofya kwenye fonti ambayo haina toleo nene, programu nyingi huipaka herufi unene wa bandia kwa kutanua kingo zake. Unene huo unaingia ndani ya matundu vilevile unavyotoka nje.)

Fonti za namna hii zina umri mkubwa, na inafaa ujue kwa nini zilizaliwa, maana sababu hizo ndizo zinazokukabili wewe leo. Herufi za kuchapia zisizo na serifu, yaani vile vijiguu vya kwenye ncha, zilionekana mara ya kwanza mwaka 1816 katika kitabu cha sampuli cha William Caslon IV wa Uingereza. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York akaanza kuchonga herufi za mbao kwa mashine, na mabango yakabadilika. Herufi kubwa za risasi zilikuwa nzito, ghali, tena rahisi kuvunjika. Za mbao zilikuwa nyepesi na zingeweza kukatwa kwa ukubwa na upana wowote. Mchapaji mwenye karatasi ya upana fulani na neno refu alitafuta herufi nyembamba na ndefu, na mwenye neno fupi alitafuta pana, ili kila mstari ujae kutoka ukingo hadi ukingo. Kisha yakaja magazeti yenye safu nyembamba. Mwaka 1903 Morris Fuller Benton akachora Alternate Gothic kwa kampuni ya American Type Founders, tena kwa upana wa aina tatu ili mhariri achague kulingana na nafasi. Fonti hiyo umeiona hata kama huijui jina: nembo ya YouTube ya miaka ya mwanzo ilitokana nayo.

Na hiyo Impact iliyomchekesha rafiki yako ilichorwa na Geoffrey Lee, ikatolewa mwaka 1965 na kampuni ya Stephenson Blake ya Sheffield, enzi ambazo herufi bado zilikuwa vipande vya metali. Lengo lake lilikuwa wazi: kuweka wino mwingi iwezekanavyo kwenye karatasi kwa saizi ile ile. Ndiyo maana herufi zake ndogo ni ndefu mno, karibu zifikie herufi kubwa, huku mikia ya g na p ikiwa imekatwa mifupi. Microsoft ilipoiweka katika kifurushi chake cha fonti za mtandao mwaka 1996, ikasambaa kwenye kompyuta nyingi duniani. Watu walipoanza kuandika maneno juu ya picha, walihitaji herufi nene za kutosha kubeba rangi nyeupe yenye ukingo mweusi ili zisomeke juu ya mandharinyuma yoyote, na Impact ilikuwa tayari ipo. Kwa hiyo rafiki yako ana haki, lakini nusu. Fonti haina kosa la kiufundi, ila imevaa kumbukumbu ya vichekesho na huwezi kuivua kwa bango moja. Kwa mashindano ya hadithi, mimi nisingeitumia. Kwa tangazo la utani, ningeitumia bila kusita.

Sasa tuje kwenye madoa, kwa sababu hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe, na ndipo miongozo mingi iliyoandikwa kwa lugha nyingine haitakusaidia.

Tunaposoma, tunategemea weupe sawa na weusi. Kinachotofautisha c na e kwa mbali ni kale katundu kadogo kalikofungwa sehemu ya juu ya e. Kinachotofautisha a na o ni matundu mawili badala ya moja. Ukiyaziba, herufi zinakuwa mafumbo. Katika fonti nene iliyobana, herufi ngumu kuliko zote kuchora ni zile zenye milalo mitatu iliyopangana: a, e, s na ile g yenye matundu mawili. Unene wa milalo hiyo na weupe wa katikati yake vyote lazima vienee ndani ya kimo cha herufi ndogo.

Kiswahili kimejaa a. Hakuna herufi tunayoitumia zaidi. Chukua neno "wasambazaji": herufi 11, na nne kati yake ni a, kisha kuna s, w na m juu yake. Fonti nyingi hupimwa na wasanifu wake kwa maneno ya lugha zenye mchanganyiko mwingine wa herufi, ambako a dhaifu inaweza kujificha. Kwetu haijifichi. Vivyo hivyo w na m: kwa lugha yenye wa-, mwa- na mu- kila mahali, M iliyochorwa vibaya itaharibu kila mstari. Nimezoea kupima fonti yoyote mpya kwa sentensi moja ya kipuuzi niliyojitungia: *Wasambazaji wa magazeti wameng'ang'ania*. Ina a tele, ina e, s, g, m na w, na ina ile ng' ambayo nitairudia. Iandike kwa saizi utakayoitumia kweli, ichape, isimamishe ukutani, kisha urudi nyuma hadi uanze kupoteza herufi. Angalia ni ipi inayopotea kwanza. Ikiwa ni a, fonti hiyo haikufai kwa herufi ndogo, hata ikisifiwa vipi.

Printa nayo ina sehemu yake. Wino haubaki pale ulipowekwa. Unatanuka kidogo kila upande, na kwenye karatasi inayofyonza unatanuka zaidi. Mtanuko ambao O pana haiuhisi unaweza kumaliza nusu ya tundu la a nyembamba. Matthew Carter alikabiliana na jambo hilihili alipochora Bell Centennial, iliyotolewa mwaka 1978 kwa ajili ya vitabu vya simu vya AT&T, vilivyochapwa kwa kasi kwenye karatasi duni na kwa herufi ndogo sana. Alikata vijipengo kwenye pembe ambako mistari hukutana, ili wino ukitanuka uvijaze na herufi itoke na umbo lake. Ukizikuza herufi hizo zinaonekana kama zimetafunwa na panya. Kwa saizi yake zilisomeka vizuri.

Somo kwako ni saizi. Fonti nyingi za aina uliyopakua zimechorwa kwa ajili ya vichwa vikubwa. Kwenye kichwa cha bango haikukuangusha. Imekuangusha kwenye maelezo ya chini, ambako haikutumwa. Skrini nayo ilikudanganya kwa sababu uliikuza. Iangalie kwa saizi ndogo uone: herufi yenye upana wa pikseli 5 na mihimili miwili ya pikseli 2 inabakiwa na pikseli 1 tu ya weupe, na kwa a hata hiyo moja inagombaniwa.

Kuna mtego mwingine unaofanana na huu. Herufi nyeupe juu ya rangi nyeusi, au zinazowaka kwa nyuma, huonekana nene kuliko zilivyo, maana mwanga humwagika nje ya kingo zake. Na katika uchapaji mambo hugeuka: pale wino unatanuka kuingia ndani ya herufi, kwa hiyo zinakonda na zile nyembamba hukatika. Niliwahi kuchapisha jalada lenye maelezo madogo meupe juu ya bluu nzito, kwa fonti nyembamba niliyoipenda mno. Nakala zote zikatoka, na mstari wa chini haukusomeka. Mchapaji alikuwa amenionya. Nilimjibu kwamba kwenye skrini yangu uko safi.

Turudi kwenye bango lako kwa hesabu. A2 ina upana wa milimita 420. Ukiacha pambizo za milimita 20 kila upande, unabaki na 380. Neno MASHINDANO lina herufi 10, kwa hiyo kila moja inapata wastani wa milimita 38, pamoja na nafasi yake. Katika fonti nene ya kawaida, herufi kubwa kwa wastani ina upana unaokaribia kimo chake, basi kimo chako ni takriban milimita 38. Katika fonti iliyobana ambayo upana wake ni kama asilimia 58 ya kimo, nafasi ileile inakupa herufi za milimita 65. Hiyo ndiyo faida halisi ya fonti hizi: zinakuwezesha kukuza urefu bila kuongeza upana. Lakini usiihesabu faida yote kuwa ya kusomeka. Kwa kimo kilekile, herufi nyembamba husomeka kwa umbali mfupi kuliko pana, kwa kuwa weupe wake ni mdogo. Unapata sana kwa urefu, unapoteza kidogo kwa ubanaji. Kiwango cha Ujerumani cha herufi za alama, DIN 1451, kina mwandiko wa upana wa kati na mwandiko mwembamba, na ule mwembamba huchukuliwa pale neno linapokataa kuenea kwa ule wa kati. Huo ni mpangilio mzuri wa fikra hata kwa bango.

Kabla ya kuchagua fonti, vunja kichwa chako. Nani alisema maneno yote sita yawe na saizi moja? Weka MASHINDANO juu, yajaze upana wote. Chini yake YA UANDISHI WA, au YA UANDISHI peke yake, kisha WA HADITHI FUPI. Mimi napenda ya pili. Kiunganishi cha Kiswahili kinategemea nomino inayokifuata. Ukikiacha "WA" kinaning'inia mwishoni mwa mstari, msomaji anasimama mlangoni akisubiri. Ukishavunja hivyo utagundua kwamba huhitaji tena asilimia 60 ya chochote. Inawezekana kabisa fonti iliyobana kiasi, si ile ya kupindukia, ikakutosha.

Kuhusu herufi kubwa tupu: ni sawa kwa kichwa kifupi kama hiki, na zinapendeza katika fonti nyembamba kwa sababu hazina mikia, kwa hiyo mistari inaweza kukaribiana sana, hata nafasi ya mistari iwe sawa na saizi ya herufi au chini yake kidogo. Utasikia watu wakisema herufi kubwa hazisomeki kwa sababu tunasoma "umbo la neno". Utafiti wa usomaji kwa miaka mingi sasa umeelekea upande mwingine: tunatambua herufi zenyewe, kadhaa kwa pamoja. Ugumu wa aya ndefu ya herufi kubwa unatokana zaidi na mazoea yetu na jinsi zinavyojaza nafasi. Ukitumia herufi ndogo kwenye kichwa, basi achanisha mistari, la sivyo mkia wa j utaingia kwenye k ya mstari unaofuata.

Nafasi kati ya herufi ina kanuni moja ninayoiamini: weupe wa kati ya herufi ufanane na weupe wa ndani yake. Fonti iliyobana ina weupe mdogo ndani, kwa hiyo hukaa karibukaribu. Kwenye kichwa kikubwa unaweza kubana nafasi kidogo zaidi. Kadiri saizi inavyopungua, achia. Wengi hufanya kinyume: wanaachia kichwa kikubwa hadi herufi zinaonekana kama wageni waliokosana, na wanabana maelezo madogo kwa sababu nafasi imewaishia.

Fonti gani basi? Nitakutajia zenye leseni huria ya shirika la SIL, ambazo unaweza kuzitumia hata kwa kazi ya malipo. League Gothic, iliyotolewa mwaka 2009, ni ufufuo wa ile Alternate Gothic ya Benton. Kwa bango lako hiyo ndiyo ningeanza nayo. Bebas Neue ya Ryoichi Tsunekawa ni safi na imepangika, ila ina herufi kubwa tu, na imetumika mno kiasi kwamba inaanza kufuata njia ya Impact. Anton ya Vernon Adams ni nzito zaidi, nzuri kwa neno moja au mawili. Oswald, ya Vernon Adams pia, ina uzito, yaani unene wa mistari, wa ngazi kadhaa, kwa hiyo kichwa na vichwa vidogo vinaweza kutoka ukoo mmoja. Kama programu yako inakubali fonti geuzi, teknolojia iliyotangazwa mwaka 2016 inayokuruhusu kusogeza upana na uzito ndani ya faili moja, jaribu Archivo: upana wake unashuka hadi asilimia 62 ya ule wa kawaida na kupanda hadi 125. Ajabu ni kwamba hapo unaweza kuburuta kitelezi cha upana kama ulivyofanya mwanzo, na safari hii matokeo yanakuwa halali, maana msanifu ndiye aliyeamua mihimili na milalo ifanye nini katika kila hatua. Fonti nyingine yoyote uliyoipakua, soma faili la leseni lililokuja nayo. "Ya bure" mara nyingi humaanisha bure kwa matumizi binafsi, na bango la kulipwa si matumizi binafsi.

Kwa kijitabu, jibu langu ni hapana. Aliyekushauri anaona karatasi, haoni msomaji. Ukurasa mzima wa herufi nene nyembamba ni sawa na kusikiliza mtu anayepiga kelele kwa saa nzima: baada ya dakika chache husikii lolote. Tena akiba yenyewe huyeyuka, kwa sababu ili ukurasa huo usomeke utalazimika kukuza saizi na kuachanisha mistari. Tumia fonti ya matini yenye uzito wa kawaida na herufi ndogo zenye kimo kizuri, pointi 9 hadi 11, mistari yenye herufi 45 hadi 75 hivi. Nyembamba ziache kwenye vichwa, na kwenye majedwali kama ratiba, ambako toleo lililobana lenye uzito wa kawaida litakufaa kweli.

Ukitaka kupunguza kurasa, tazama kwanza ukataji wa maneno, eneo ambalo karibu kila mtu hulisahau. Maneno yetu ni marefu. Safu ikisawazishwa pande zote mbili bila kukata maneno, zinabaki nafasi kubwa kama mito inayoshuka katikati ya matini. Programu nyingi hukata maneno kwa kanuni za Kiingereza, zikakuletea "mas-hindano". Silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu: ma-shi-nda-no. Iambie programu lugha ni Kiswahili kama inakijua. Kama haikijui, zima ukataji, pangilia kushoto tu, na ukate kwa mkono pale panapouma.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi halitoshi. Kabla ya kuchapa nakala zote, nenda kwa mchapaji mwenyewe na umwombe kipande cha majaribio kwenye karatasi ileile, kwa mashine ileile, kikiwa na sehemu ndogo kuliko zote za bango. Si printa ya mezani kwako. Wino wake na karatasi yake ni mambo mengine. Kama kazi hii itageuka kuwa nembo ya kudumu ya mashindano, tafuta msanifu wa herufi akae nawe, kwa sababu maneno machache ya nembo yanahitaji kusogezwa herufi moja moja. Na ukipewa alama za barabarani au za usalama, usichague fonti kabisa: zina viwango vyake vya kisheria, na mamlaka husika ndiyo ya kuulizwa.

Bado ile ng'. Fonti nyingi nene za bure zina kiapostrofi kilichochorwa kwa haraka, kabari nene inayoacha pengo upande mmoja na kugusana na herufi upande wa pili. Kwenye kichwa chako hakuna, lakini kwenye kijitabu zitakuwamo. Zitafute zote, hakikisha ni alama iliyopinda ya fonti yenyewe na si ile iliyonyooka ya kibodi, na katika kila kichwa kikubwa sogeza kwa mkono herufi inayoifuata. Ni kazi ya dakika kumi. Ukimaliza, geuza vichwa viwe michoro katika nakala ya kupeleka kwa mchapaji, ili mashine yake isije ikakosa fonti na kukuwekea nyingine, lakini ubaki na faili la asili lenye maandishi, maana lazima kuna mtu atakayegundua kosa la tahajia siku ya mwisho.